Tunakwenda Mafia na mama mzazi likizo ya Juni: je, potwe watakuwepo?

"Shikamoo mtaalamu. Tunaishi Dodoma, na tumepanga kwenda visiwa vya Mafia likizo ya Juni kwa siku nne: mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka 17, 11 na 8, na mama yangu mzazi mwenye miaka 68. Mama anatumia dawa za presha na magoti yanamsumbua, lakini hamu ya kuiona bahari anayo kuliko sisi sote. Watoto wanachosubiri ni potwe, yule papa aliye samaki mkubwa kuliko wote. Jamaa mmoja anasema potwe wapo mwaka mzima, mwingine anasema Juni hatutaona kitu, na shemeji yangu anasisitiza kwamba Mafia ni Zanzibar, kwa hiyo tupitie Unguja. Tunataka tuvimalize visiwa vyote: Chole, Juani, Jibondo na Bwejuu. Kijana mkubwa anataka kujifunza kuzamia kwa mtungi. Alikuwa na pumu utotoni. Tupite baharini kutoka Nyamisati au tupande ndege? Hoteli inataka malipo ya awali wiki hii. Naogopa kupoteza hela, na zaidi naogopa kumtesa mama."

Marahaba, mwanangu. Hofu yako ya mwisho ndiyo nitakayoanza nayo, kwa sababu nyingine zote zinaitegemea. Mama mwenye miaka 68, presha inayotulia kwa dawa na magoti mabovu anaweza kabisa kwenda Mafia na kufurahi. Wazee wa umri wake wanaoishi Chole na Jibondo wanapanda mashua kila wiki. Kinachomchosha mgeni mzee huko ni kufika ufukweni saa ambayo maji yamekupwa, boti imesimama mbali, na yeye anatakiwa atembee kwenye tope na mawe ya matumbawe mpaka aifikie. Hilo linazuilika, na nitakueleza namna. Lakini kwanza tusafishe njia, maana umechanganyiwa mambo.

Shemeji yako amekosea, ingawa kosa lake lina historia. Mafia ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1890, Waingereza na Wajerumani walipogawana pwani hii na kisiwa kikaangukia upande wa Wajerumani. Waingereza walikiteka Januari 1915, wakakitumia kuiwinda manowari ya Kijerumani Königsberg iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, na baada ya vita kikabaki upande wa Tanganyika. Leo Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani. Makao yake ni Kilindoni, na njia yake ni kutoka Dar es Salaam kwa ndege au kutoka Nyamisati, wilaya ya Kibiti, kwa chombo cha baharini. Kupitia Unguja ni kuzunguka na kulipa mara mbili. Beba kitambulisho cha taifa tu, na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Sasa potwe. Jamaa zako wawili kila mmoja ameshika nusu ya ukweli. Watafiti waliwafunga potwe wa Mafia vifaa vidogo vinavyotoa mlio, wakatega vipokezi chini ya bahari, na wakagundua kwamba wengi wao hawahami kabisa. Mwaka mzima wanazunguka eneo lile lile. Kinachobadilika ni wanapokaa. Kuanzia Oktoba hadi Februari, wakati mwingine mpaka Machi, wanasogea karibu na Kilindoni, kwenye maji ya kina kifupi, wakifuata makundi makubwa ya uduvi wanaojaa pale juu ya maji. Miezi mingine wanasogea nje na kushuka chini zaidi. Kwa hiyo Juni yupo, lakini yupo mahali ambapo boti ya familia haitamkuta ila kwa bahati kubwa. Mtu akikuuzia safari ya potwe mwezi Juni kwa kukuhakikishia, mwulize atakurudishia shilingi ngapi msipomwona. Jibu lake litakuonyesha kama anaiamini ahadi yake mwenyewe.

Ili uone kwa nini mwezi ni muhimu kiasi hiki, fuata pepo. Ikifika katikati ya mwaka, nchi kavu ya bara la Asia inapata joto kali, hewa yake inapanda juu, na pengo hilo linavuta hewa kutoka kusini mwa Bahari ya Hindi. Hewa hiyo ikipita kwetu tunaiita kusi. Inaanza baada ya masika, Aprili au Mei, inakuwa na nguvu kubwa Juni, Julai na Agosti, kisha inalegea kuelekea Oktoba. Ikifika Desemba mambo yanageuka: Asia imepoa, hewa nzito inashuka kutoka kule, nasi tunapata kaskazi mpaka Machi. Katikati ya pepo hizi mbili kuna maleleji, kipindi ambacho bahari hulala. Nahodha yeyote wa Mafia ukimwuliza wiki gani angempeleka mama yake mwenyewe, atakutajia Oktoba au Novemba mwanzoni bila kufikiri.

Juni, basi, ni kusi. Mvua kubwa ya masika imekwisha, hewa ni baridi kwa viwango vya pwani, usiku hata shuka moja zaidi si vibaya. Bahari ya nje, upande wa mashariki wa visiwa, ina mawimbi makubwa na hapaendeki kwa starehe. Lakini Ghuba ya Chole imezungukwa: Mafia yenyewe kaskazini na magharibi, Chole katikati, Juani na Jibondo kama ukuta upande wa bahari kuu. Ndani ya ghuba watu wanaogelea, wanavuka na kuzamia hata kusi ikivuma. Asubuhi ni tulivu kuliko mchana. Upepo huongeza nguvu jua likipanda. Panga kila jambo la majini liishe kabla ya saa 6 mchana.

Na Juni ina chake ambacho Desemba haina. Fukwe za mashariki za kisiwa cha Juani ni mahali kasa wa kijani wanapotaga, na mayai yaliyofukiwa Aprili na Mei huanguliwa kuanzia Juni hadi Septemba hivi, kwa kuwa huchukua takriban siku 50 hadi 60 mchangani. Walinzi wa viota kutoka vijijini wanaandika tarehe ya kila kiota, hivyo wanaweza kukadiria siku ya kuanguliwa. Mtoto wa miaka 8 akiona vitoto vya kasa, kila kimoja kinatosha kwenye kiganja chake, vikichomoka mchangani na kukimbilia maji, nakuhakikishia hatauliza tena habari ya potwe siku hiyo. Mweleze pia kwamba joto la mchanga ndilo linaloamua kama kasa atakuwa jike au dume. Mchanga wa moto hutoa majike. Watoto hupenda hilo.

Kuna shida moja: kwenda kwenye viota ni kukatiza kisiwa kwa miguu, kwenye njia ya vichaka na mawe. Hiyo si safari ya mama yako. Siku hiyo abaki na mmoja wenu.

Mimi ningeamua hivi. Kama safari hii kiini chake ni potwe, yaani watoto wameahidiwa hilo na ahadi haigeuzwi, ihamishe yote kwenye likizo ya Desemba. Ndio msimu wenyewe, bahari ya magharibi ya Kilindoni inafikika, na maji ni ya vuguvugu. Utalipa zaidi, hasa kati ya Krismasi na mwaka mpya, kutakuwa na joto, na mvua za vuli zinaweza kuwagusa mwanzoni mwa mwezi. Ila kama kiini ni mama kuiona bahari na familia kuwa pamoja, Juni inafaa, mradi watoto waambiwe ukweli kabla hamjafunga mizigo: tunakwenda kuona kasa, popo wakubwa wa Chole na magofu, potwe tutarudi kumfuata. Usiwaambie "labda tutamwona". Mtoto akisikia "labda" anashika "tutamwona" peke yake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wageni kutoka bara hawalijui, na ndilo linaloharibu au kutengeneza safari ya visiwa vidogo: maji kujaa na kupwa. Mwezi huivuta bahari, na jua huivuta pia kwa nguvu ndogo zaidi. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vinakuwa kwenye mstari mmoja na dunia, mvuto unajumlishwa, na tunapata bamvu: maji yanajaa sana na kupwa sana, tofauti ya zaidi ya mita 3 kati ya juu na chini. Mwezi ukiwa nusu, mvuto wa jua na wa mwezi unapishana, na tunapata maji mafu, ambapo tofauti hushuka mpaka kama mita 1 hivi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku saa zake huchelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana.

Pwani yetu ina tabia inayoshangaza wageni lakini haibadiliki. Siku za bamvu maji hupwa kabisa mnamo saa 4 hadi 5 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa asubuhi hiyo hiyo ya saa 4 na 5, na hupwa alasiri, tena kidogo tu. Hii ina maana kwamba ukiangalia kalenda ya Kiislamu umeshajua nusu ya safari yako. Siku chache kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 za mwezi mwandamo ni bamvu. Siku za tarehe 8 na 22 na zinazofuata ni maji mafu.

Pale Utende, ambako hoteli nyingi za ghuba zipo, kuvuka kwenda Chole ni mwendo mfupi sana, dakika 10 au 15 kwa boti. Lakini ukifika siku ya bamvu saa 4 asubuhi, muda ambao hoteli imeshamaliza kifungua kinywa na kila mgeni anataka kuondoka, bahari imekimbia. Boti iko mbali kwenye maji, na kati yako na hiyo boti kuna mchanga laini, mawe, na viumbe wa baharini wenye miiba. Kijana wako ataruka. Mama atateseka, au abebwe mgongoni mbele za watu, jambo ambalo wazee wengi hulivumilia kimya huku limewaumiza. Siku ya maji mafu, saa ile ile, boti inasogea karibu, maji yanamfika magotini au chini ya hapo, anashikwa mkono, anapanda.

Kwa ajili yake, basi, chagueni siku zinazozunguka maji mafu. Mtapoteza kitu: mafungu ya mchanga katikati ya bahari, yale mazuri ya kupigia picha, huonekana vizuri zaidi maji yakipwa sana, yaani bamvu. Kwa familia yenu ningeyaacha bila kusita. Maji mafu yana faida nyingine pia, kwamba mkondo kwenye mlango wa Kinasi, kati ya ghuba na bahari kuu, unakuwa dhaifu. Siku za bamvu mlango ule unavuta kwa nguvu maji yanapotoka, na hata mwogeleaji hodari anaweza kusukumwa nje. Watoto wasiogelee karibu na mlango siku yoyote, na wawapo kwenye boti jaketi okozi zivaliwe, si kukaliwa. Piga simu kabla na kuuliza kama wana jaketi za saizi ya mtoto wa miaka 8. Ya mtu mzima humvuka kichwani akiwa majini.

Kuhusu kuvimaliza visiwa vinne kwa siku nne, naomba uache. Toa siku ya kuingia na siku ya kutoka, zinabaki mbili. Mkivikimbilia vyote mtaviona vyote kutoka kwenye boti. Ningewapa Chole siku nzima. Kisiwa ni kidogo, njia zake ni za kivuli na tambarare, hivyo mama atatembea kwa mwendo wake. Ilikuwa mji mkuu wa visiwa hivi kabla Wajerumani hawajahamishia makao yao Kilindoni mwaka 1913, na majengo yake ya zamani bado yamesimama, mizizi ya mitini imeyakumbatia kuta mpaka hujui kipi kinakishikilia kingine. Popo wakubwa wanaokula matunda hulala mchana kwenye miti yao wakining'inia kwa mamia. Kuna mafundi wa majahazi wanaounda vyombo kwa mkono. Kaa nao, waulize; ni kazi inayojibiwa vizuri ukiuliza kwa adabu na bila kuelekeza kamera usoni.

Juani ningewapa nusu siku kwa ajili ya kasa, au kwa ajili ya Kua, mji wa kale wenye misikiti na kasri lililobomoka. Uliangamizwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska. Kushuka Kua nako kunataka maji yawe yamejaa. Jibondo na Bwejuu viache kwa safari nyingine. Na kama mnaweza kuongeza usiku mmoja au miwili, ongezeni hapo badala ya kupanda daraja la hoteli. Kwenye visiwa, siku ya akiba ina thamani kuliko kitanda kikubwa, kwa sababu kusi ikikaza siku moja hamtoki, na mkiwa na siku mbili tu mmepoteza nusu ya safari.

Ndege au bahari? Ndege kutoka Dar es Salaam ni kama nusu saa, ndogo, ya watu wachache. Mizigo kwa kawaida huwekewa kikomo cha kilo 15 kwa mtu, mabegi laini, si masanduku magumu. Kwa familia ya watu sita hiyo ni hela nyingi, naelewa. Njia ya bahari ni basi kutoka Mbagala hadi Nyamisati, kisha kivuko cha Serikali MV Kilindoni au boti nyingine, mwendo wa saa 3 hadi 5 kutegemea chombo na hali ya bahari. Saa za kuondoka Nyamisati hufuata maji kujaa, hivyo hazifanani kila siku, na wakati mwingine inabidi kulala njiani au kudamka usiku. Juni, kusi huingia kwenye mkondo wa Mafia na kuurusha chombo, hasa mchana. Watu wanaulizia kuzama. Chombo kilichosajiliwa, kisichozidisha abiria, chenye jaketi za kutosha, ni salama. Chombo cha mbao cha mizigo kinachokuchukua kwa bei nafuu pale ufukweni usikipande, hata ukiwa umechelewa.

Pendekezo langu ni kugawana: mama na mtoto mdogo na mmoja wenu wapande ndege, wengine wapite baharini. Mkienda hivyo gharama haivunji mfuko na mama hafiki akiwa amechoka. Wa baharini wakae katikati ya chombo, waangalie mbali kwenye upeo wa macho badala ya simu, na kama mtu huchafukwa, dawa inywewe kabla chombo hakijang'oa nanga. Mtu akishaanza kutapika haisaidii sana. Mama asitumie dawa hizo kabla hajamwuliza daktari wake, maana baadhi huleta usingizi mzito na nyingine haziendi vizuri na dawa anazotumia.

Hilo linanileta kwa daktari. Mpeleke mama kliniki yake wiki mbili au tatu kabla ya safari, mwenye majina ya dawa zote mkononi. Daktari apime presha, aseme kama inatulia, na mwombe akiba ya dawa ya siku zaidi ya zile za safari. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisipelekwe kwenye begi kubwa. Mkononi uwe na karatasi inayotaja ugonjwa na dozi. Hospitali ya wilaya ipo Kilindoni, na kutoka Utende ni barabara ya lami ya kilomita 14 hivi, lakini kutoka Chole au Juani ni lazima uvuke kwanza, na kuvuka kunategemea maji. Wagonjwa wazito hupelekwa Dar es Salaam. Kama presha yake imekuwa ikipanda na kushuka miezi ya karibuni, au anapata maumivu ya kifua au kukosa pumzi akipanda ngazi, basi usimpeleke kisiwani mpaka achunguzwe, hata kama malipo yameshafanyika. Wote mlale ndani ya chandarua, malaria ipo.

Kijana wako na mtungi, hapo nitakuwa mkali kidogo. Pumu ya utotoni si lazima imzuie, lakini jibu si langu wala si la mwalimu wa kuzamia. Ni la daktari aliyemsikiliza mapafu na, ikiwezekana, kumpima nguvu ya kupumua. Ukishuka mita 10 chini ya maji, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu. Hewa unayovuta kwenye mtungi pale chini, ukipanda mpaka juu, inatanuka mara mbili. Mtu mwenye mapafu mazima anaitoa kwa kupumua kawaida. Mwenye pumu, njia ndogo za hewa zikibana hata kidogo, hewa inanaswa nyuma yake na inatanuka ikiwa imefungiwa. Pafu linaweza kupasuka, na hewa ikaingia kwenye damu. Kwa hiyo kwenye fomu ya afya pale chuo cha kuzamia, asifiche. Vijana huficha kwa sababu wanaogopa kukataliwa. Mwambie mwenyewe, mbele ya baba yake, kwamba kukataliwa ni bora.

Akiruhusiwa, kuna sharti la pili: mtu aliyezamia mara moja angoje angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege, na aliyezamia mara kadhaa saa 18, ili gesi ya naitrojeni iliyoingia mwilini ipate kutoka taratibu. Siku ya mwisho, kwa hiyo, hakuna kuzamia. Akikataliwa, miwani na bomba la kupumulia juu ya matumbawe ya ndani ya ghuba vinatosha kumpa raha. Hapo hakuna hewa ya mgandamizo, na mita mbili tu chini yake ataona samaki wengi.

Mkija kuahirisha mpaka Desemba kwa ajili ya potwe, watoto wajue wanamwendea nani. Ni papa kwa ukoo, samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini anachuja uduvi na vijidudu vya baharini kwa kufungua kinywa. Hana hamu ya mtu. Wengi wa Mafia ni madume wadogo wa mita 6 hadi 8. Waongozaji wazuri huwaweka wageni mita 3 kutoka ubavuni na 4 kutoka mkiani, hawaruhusu kumgusa wala kumkatia njia, na hawajazi boti tano juu ya samaki mmoja. Mkiona mwongozaji anawasukuma wageni majini mbele ya kinywa chake ili wapate picha, mwambieni arudi nyuma. Mmelipa, mna haki hiyo.

Ada ya Hifadhi ya Bahari isiwashtue. Hifadhi ile ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, na inafunika kilomita za mraba 822 kusini na mashariki ya kisiwa. Ukitoka Kilindoni kwenda Utende unapita langoni, na hulipwa kwa kila siku ya kukaa ndani. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiwango kidogo kuliko wageni wa nje, ndiyo sababu vitambulisho ni muhimu. Lipeni kwa kontroli namba na mdai risiti. Pesa taslimu chukueni Kilindoni, maana visiwani hakuna pa kuzitoa. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Na kwa kuwa wenyeji wengi ni Waislamu, vijijini mabega na magoti yafunikwe. Kanga ya mama itakuwa mavazi sahihi kuliko ya wote.

Hali ya hewa ifuatilieni siku tano kabla kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo hutoa tahadhari za upepo na mawimbi. Vimbunga ni nadra karibu hivi na ikweta, lakini Kimbunga Hidaya kilifika Mafia Mei 2024, na tahadhari ilitolewa mapema. Wakisema msisafiri, msisafiri, hata kama nahodha anawaambia yeye amezoea.

Sasa malipo ya wiki hii. Usitume hela kabla ya kuwapigia simu na kuwauliza mambo matatu kwa mdomo, kisha uombe majibu kwa maandishi: wakifunga safari kwa sababu ya bahari, malipo yanahamishwa kwenye tarehe nyingine au yamepotea, chumba cha mama kipo chini bila ngazi na umbali gani kutoka chakulani, na katika tarehe mlizochagua, maji yatakuwa wapi saa 3 asubuhi. Swali la mwisho liulizwe kwa mtu anayeendesha boti zao, si kwa aliye mapokezi. Akikujibu papo hapo, na akakuuliza mama ana uzito gani na anatembea vipi, lipa.